Poa ya Kijana, Mhola ya Bibi: Tunaulizana Nini Tukisalimiana?

Jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, ni bibi wa Kiha anayekaa barazani kila asubuhi akichambua dagaa kwenye ungo. Anatoa kokoto, anatoa majani, mkono hauchoki. Juzi kijana wa bodaboda alisimama mbele ya nyumba kumsubiri abiria, akamrushia salamu bila hata kuzima pikipiki.

"Bibi, mambo!"

Bibi hakuinua uso. "Mambo ninayo mengi. Unataka nikugawie?"

Kijana akacheka, akazima pikipiki, akajirekebisha. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmeamkaje huko kwenu?"

Hapo ndipo salamu ilipoanza kweli: mama yake, wadogo zake, kazi, hata pikipiki yenyewe iliulizwa hali. Abiria alifika akasimama na begi lake akisubiri zamu, na wala hakulalamika. Alijua hilo haliingiliwi.

Jibu lile la "unataka nikugawie" nimetembea nalo siku kadhaa, maana ukiliondolea ukali wake, kisarufi bibi hakukosea.

"Hujambo" ni "huna jambo" iliyofupishwa. Jambo hapo si kitu chochote tu, ni lile lililokupata: shida, ugonjwa, neno. Ukisema "sijambo" unatangaza kwamba hakuna lililokupata. Ndiyo sababu wodini mtu akiulizwa habari za mgonjwa hujibu, "Leo hajambo kidogo," akimaanisha nafuu imeanza kuonekana. Na seremala anayejua kazi husifiwa, "Huyu kwa milango hajambo." Uzima wote wa neno hili umebebwa na kile kikanushi cha mwanzo: si-, hu-, ha-. Sasa vijana wa mjini wameondoa kikanushi, kisha wakaliweka neno kwenye wingi. "Mambo?" Kwa sikio la mtu aliyekulia "hamjambo", hilo ni swali la kuuliza una matatizo mangapi. Bibi alijibu alichoulizwa.

Lakini tusiwaonee vijana. Jambo lisilo na kikanushi ni la zamani kuliko pikipiki, na ushahidi wake uko hapa hapa kwetu. Nenda Ujiji, mwendo mfupi tu kwa daladala kutoka Mwanga, kwenye mnara wa Livingstone na ile miembe yake. Hapo mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone, na sentensi aliyodai kuitamka, "Dk. Livingstone, nadhani?", labda ndiyo salamu iliyorudiwa kuliko zote duniani. Wapo wanahistoria wenye shaka kama aliitamka kweli, kwa kuwa kurasa za siku ile kwenye shajara yake zilichanwa. Mimi kinachonivuta ni kilichotangulia. Stanley mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa akiingia Ujiji alizungukwa na umati wa Wajiji, Wanyamwezi, Warundi, Wamanyema, Waarabu, karibu wamzibe masikio kwa "Yambo, bana! Yambo, bana!" Halafu mtu wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Yaani mji mzima ulikuwa umeshamjulia hali kabla wale Wazungu wawili hawajavuliana kofia. Hiyo haikuandikwa kwenye fulana za watalii.

Hiyo "yambo" ndiyo jambo letu, ilivyosikika masikioni mwake, na ni wazi haikuzaliwa kwenye hoteli za ufukweni. Ni ya Kiswahili cha misafara, kile kilichosafiri na wapagazi kutoka pwani kupitia Tabora hadi ziwani na ng'ambo yake. Na ng'ambo bado kinaishi. Shuka Kibirizi boti zinapofika kutoka Kongo, utasikia watu wazima, wenye heshima zao, wakisalimiana "Jambo!" na kuitikiana "Jambo!" bila mtu kucheka. Ukiuliza "habari?" unaambiwa "muzuri". Mwalimu wa Kiswahili sanifu atakunja uso. Mimi nilikunja pia, miaka ya kwanza niliyohamia huku kutoka Tabora. Siku hizi naitikia tu.

Tukitoka kwenye Kiswahili tukaingia lugha za nyumbani, swali linabadilika kabisa. Huko hawaanzi na jambo. Wanaanza na usiku.

Mha akikutana nawe asubuhi husema "Mwakeye". Ndani yake mna kucha, kule kule kwa usiku kucha: mmekuchewa, mmefika asubuhi. Mrundi husema "Bwakeye", kumekucha, au "Mwaramutse", mmeamka. Jua likishavuka atasema "Mwiriwe", mmeshinda. Kwetu Unyamwezini na kwa ndugu zetu Wasukuma ni "Mwangaluka" asubuhi, na "Mwadila" mchana kwenda jioni. Waganda huuliza "Wasuze otya?", umelalaje, na baadaye "Osiibye otya?", umeshindaje. Wahausa, ambao lugha yao wala si ya Kibantu, nao huuliza "Ina kwana?", wakitaka kujua usiku umepitaje. Inaelekea mababu walikubaliana bila kikao kwamba usiku ni safari, na anayeonekana asubuhi amefika kutoka mbali.

Wanaonimaliza ni Washona wa Zimbabwe. Kwao ukiulizwa "Marara sei?", mmelalaje, jibu ni "Ndarara kana mararawo": nimelala, kama nanyi mmelala. Usingizi wangu una sharti, na sharti lenyewe ni wewe. Kabla hujasema hayo ni maajabu ya mbali, sikiliza mzee yeyote wa hapa akiulizwa habari. "Nzuri, labda za kwako." Hiyo "labda" kila siku tunaipita bila kuitazama.

Rudi kidogo kwenye mwakeye na mwangaluka. Zote mbili zinaanza na mw-, yaani ninyi, na bado husemwa kwa mtu mmoja akiwa mkubwa. Rika lako utamwambia "wakeye" au "wangaluka", umoja. Mkubwa utamweka kwenye wingi hata kama amekaa peke yake chini ya mwembe. Heshima imo ndani ya kiambishi. Kiswahili sanifu hakina utaratibu huo, ndiyo maana watu wa Bara tunaubeba wenyewe na kuupenyeza: "Mwalimu, mmeshindaje?" na mwalimu yuko peke yake, "Baba wametoka," na baba ni mmoja. Mtu wa pwani akisikia atatafuta baba wa pili yuko wapi. Ukikumbuka bibi wa dagaa alimuuliza yule kijana "mmeamkaje", utaona wingi una kazi nyingine pia. Hakuwa anamheshimu dereva wa bodaboda. Alikuwa anauliza nyumba nzima kupitia mdomo mmoja.

Kiswahili, kwa kuwa heshima hakikuiweka kwenye kiambishi, kimeitengenezea neno lake peke yake, na hapo ndipo tunapofika kwenye shikamoo, neno linaloleta ugomvi kila likitajwa.

Asili yake ni "nashika miguu yako", iliyobanwa hadi ikawa neno moja. Kwa hiyo ni tendo la kuinama lililogeuzwa sauti: mwili umebaki wima, ulimi ndio ulioinama. Wapo wanaosema ni salamu ya mtumwa kwa bwana na kwamba tuiache. Historia ya utumwa kwenye njia ya Ujiji na Tabora siwezi kuifanya ndogo. Ila hoja hiyo hainishiki. Kuinama mbele ya mkubwa hakukusubiri msafara wowote. Mama wa Kinyamwezi hupiga goti kumsalimu mkwe wake, na Wayoruba wa Nigeria, wasiohusiana kabisa na pwani yetu, wanaume hulala kifudifudi na wanawake hupiga magoti. Na wanaoikataa shikamoo wakiwa vijana nimewaona wakiidai walipofika miaka arobaini.

Itikio lake ndilo lisilochunguzwa. "Marahaba" ni ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu upana, nafasi. Mdogo anasema nimeshika miguu yako, mkubwa anajibu pana nafasi, ingia. Nikilifikiria hivyo sioni mtumwa wala bwana hapo, naona mlango.

Tatizo halisi la shikamoo ni hesabu. Nani aanze? Kwa aliye nyuma yangu kwa miaka kumi na tano hakuna shaka. Kwa miaka mitatu? Kwa binti aliyeolewa na kaka yako mkubwa lakini umemzidi umri? Nimewahi kusimama dirishani kwenye ofisi moja nikamuamkia mama aliyekuwa ndani, kumbe tulimaliza shule mwaka mmoja, mimi Tabora yeye Kasulu. Faili langu lilikaa sana siku ile. Vijana wamekwepa mtego huo kwa "mambo" na "vipi", ambazo hazina umri. Wenye dini nao wana njia yao: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, zote hazihesabu miaka, na mkutano wa hadhara usipoanza na zote tatu kuna watu watanuna. Tangu 2021 serikalini tuna na ile ya "kwa jina la Jamhuri", ambayo umma huitikia "Kazi iendelee".

Hadi hapa nimezungumzia maswali tu. Majibu ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika.

Bibi yangu mzaa mama, kule Tabora vijijini, akiulizwa hali alijibu "Mhola." Neno moja, limevutwa kidogo, kama mtu anayeshusha mzigo taratibu. Wasukuma nao ni hivyo hivyo, mhola, mhola duhu, salama tu. Hapa Kigoma Warundi wanajibu "Amahoro", amani. Na mjukuu wa mjini akiulizwa mambo anajibu "Poa." Ukimuuliza mtu mzima atakwambia mbili za kwanza ni lugha za heshima na ya tatu ni ya kihuni.

Ni neno moja.

Fuata nami taratibu. Kiswahili kina tabia ya kumeza l iliyokaa kati ya irabu mbili. Sisi tunasema njaa, Msukuma anasema nzala. Sisi njia, yeye nzila. Sisi mvua, yeye mbula. Mrundi naye anatunza sauti hiyo hiyo kwa r: inzara, inzira, imvura. Kila palipo na irabu zimegusana kwetu, shuku kwamba kuna l iliyoliwa. Sasa irudishe kwenye "kupoa". Unapata kupola.

La pili: p ya Kiswahili kwa Warundi mara nyingi ni h. Kupa ni guha, kupita ni guhita, kulipa ni kuriha. Wasukuma na Wanyamwezi nao waliilegeza hivyo hivyo. Geuza p ya pola iwe h: hola kwa mmoja, hora kwa mwingine. M-hola. Ama-horo. Wataalamu wa lugha za Kibantu huliandika shina la kale kama -pod-, nalo lilimaanisha kupoa, kutulia, na kupata nafuu baada ya ugonjwa. Joto ni homa, joto ni hasira, joto ni ugomvi nyumbani. Aliyepoa yuko salama. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda angejibiwa "poa" na bibi yangu wa Tabora kila siku ya maisha yake, kwa Kinyamwezi.

Na "pole"? Ni shina lile lile, mahali ambapo l ilinusurika kuliwa. Tunapomwambia mtu "pole na safari", "pole na kazi", "pole na msiba", tunamtakia apoe, naye akijibu "nimeshapoa" anafunga kamba pale pale ilipofunguliwa. Sisi hatuko peke yetu kwa kumsalimu mtu kupitia alichokuwa akikifanya. Mhausa humwambia mwenye jembe "Sannu da aiki", na Wayoruba wana "Ẹ kú", ambayo huunganishwa na karibu kila kitu: kazi, kukaa, safari. (Neno hilo hilo la kupoa likitua sokoni ni balaa. "Biashara imepoa" hakuna anayeifurahia, hasa wauza migebuka mwezi mpevu ukiwaka na dagaa nao hawapatikani.)

Kuna jibu lingine ambalo sisi tunalidharau, lile la "nipo". Ukimuuliza mvuvi wa hapa habari atasema, "Tupo tupo," na mgeni hudhani amekwepa swali. Mzulu akiambiwa "Sawubona", tumekuona, huitikia "Yebo", ndiyo, na akiulizwa "Unjani?", u hali gani, anaweza kujibu "Ngikhona", nipo. Mtandaoni wameipamba Sawubona hadi imekuwa "naiona nafsi yako ndani ya nafsi yangu", maneno ambayo hayamo kabisa. Ni "tumekuona", basi, na kwa watu wengi ni "Sanibonani". Mwolofu wa Senegal akiulizwa yu hali gani hujibu "Maa ngi fi rekk": nipo hapa tu. Kutoka Dakar hadi Kibirizi, mtu anaulizwa hali na anajibu mahali. Amelala, amevuka, bado anaonekana. Ukilinganisha na maswali ya usiku tuliyoyaona, jibu hilo limekaa sawasawa.

Sasa jambo linalowachanganya wengi, hata sisi wenyewe. Mwezi wa nne simu yangu iliita saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mama mdogo, kutoka Tabora.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

"Nzuri tu. Watoto wanasoma?"

"Wanasoma."

"Na mvua?"

"Zinanyesha."

"Haya. Sasa mwanangu, umekaa?"

Bibi yangu, yule wa mhola, alikuwa amefariki usiku.

Mwanangu wa darasa la tano alikuwa kitandani akisikia yote, na swali lake la kwanza, baada ya kulia, lilikuwa hili: mbona alisema nzuri tu? Alihisi amedanganywa.

Neno linalotuponza ni "habari". Ni la Kiarabu na maana yake ni taarifa, kwa hiyo mtoto aliyelisoma shuleni anatarajia taarifa. Lakini hakuna aliyeuliza taarifa. Salamu na habari ni vitu viwili vinavyofuatana, na cha pili hakiruki zamu ya cha kwanza. Nyumbani kwa bibi mgeni alipofika alipewa kigoda, akapewa maji ya kunywa, akasalimiwa yeye, na watu wake, na ng'ombe wake, ndipo mwenye nyumba aliposema, "Haya, lete maneno." Aliyeanza kwa maneno kabla ya kigoda alikuwa ama amefukuzwa na nyuki ama hakulelewa. Mama mdogo kwenye simu alikuwa ananitafutia kigoda. Angeanza na kifo, angenikuta nimesimama.

Na kwa anayesikiliza vizuri, hakuficha. Simu ya saa ile peke yake ilikuwa imesema nusu. Ile "tu" baada ya "nzuri" ilikuwa imeshuka chini. Alipofika kwenye mvua nilishajua, kwa sababu mama mdogo hajawahi kuniuliza mvua za Kigoma hata siku moja. Kadiri salamu inavyorefuka pasipo sababu ndivyo mzigo ulio nyuma yake unavyokuwa mzito. Kuna na ngazi za katikati: "nzuri kidogo" ina ugonjwa ndani yake, "tunamshukuru Mungu" ikisemwa polepole ina madeni.

Walioruhusiwa kuruka haya yote ni watani. Mzaramo mmoja alifika msibani, akatuona sisi Wanyamwezi tumekaa na huzuni zetu, akauliza kwa sauti kama bibi ameacha karanga za kutosha au ndiyo tutalala njaa. Shangazi alicheka machozi yakimtoka. Huyo hakupewa kigoda, alijichukulia.

Nilirudi Kigoma kwa basi, kupitia Urambo, Kaliua, Uvinza, mgongo umekwisha. Jirani alikuwa barazani na ungo wake. Alikuwa ameshapata habari kwa mke wangu, lakini alinisubiri nimuamkie kwanza, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti.

"Mmefikaje?"

"Salama bibi."

"Pole na safari."

"Asante."

Akasogeza ungo pembeni, akafuta mikono kwenye khanga, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko.

"Na pole na msiba."

"Nimeshapoa, bibi."

Aliniangalia kidogo, akaurudisha ungo mapajani. Akaniuliza kama Tabora mvua zimenyesha.